Nina mawe kwenye mfuko wa nyongo, nipasuliwe au nisubiri?

Swali hili nimeletewa na dada mmoja wa Makorora, hapa hapa Tanga. Jina naliacha, maneno nimeyafupisha kidogo:

"Daktari shikamoo. Nina miaka 41, watoto watatu, jioni nauza vitafunwa Ngamiani, bajia, kachori na mihogo ya kukaanga. Tangu mwezi wa pili nimeshikwa na maumivu makali mara tatu, juu kulia chini ya mbavu, yanapanda mpaka mgongoni. Mara ya mwisho yalianza saa tano usiku yakaniachia karibu na adhana ya alfajiri, na nilitapika sana. Kabla ya hapo nimetibiwa vidonda vya tumbo kama miaka miwili. Sasa nimepiga ultrasaundi yameonekana mawe mengi kwenye mfuko wa nyongo, kubwa lina milimita 14. Daktari kasema nitolewe mfuko wote. Mama mkwe anasema ninywe mafuta ya zeituni na ndimu yatatoka yenyewe, jirani anasema kaka yake ana mawe hayo mwaka wa sita hajawahi kuumwa. Mume wangu anavua Pangani na natakiwa nikakae naye miezi mitatu. Naogopa nusu kaputi, naogopa na kuishi bila nyongo. Nipasuliwe au nisubiri?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kinamama wengi waliopitia hayo maumivu wananiambia ni sawa na uchungu wa kuzaa au zaidi, na wewe umezaa watatu kwa hiyo unajua unachosema. Umefanya jambo moja zuri, umeandika yalianza saa ngapi na yakaachia saa ngapi. Hilo limenisaidia kuliko hata karatasi ya ultrasaundi, utaona huko mbele kwa nini.

Nisikuzungushe. Kwa ulivyoeleza, mi ningekushauri utoe huo mfuko, kwa siku iliyopangwa, na kabla hujaenda Pangani. Lakini sitaki ukubali kwa sababu tu madaktari wawili wamesema, nataka ujue tunaangalia nini tunapoamua, maana usipojua, kesho atakuja mteja pale kwenye karai akusimulie habari za shangazi yake na utayumba tena.

Tuanze na kaka wa jirani maana huyo ndo anakuchanganya. Jirani hajakudanganya. Watu wengi wenye mawe kwenye mfuko wa nyongo hawaumwi kabisa, mtu anaenda kuangaliwa mimba, au figo, au tezi dume, mpimaji akipitisha ile mashine huku juu anayaona, basi ndo mtu anajua leo kwamba anayo na pengine anayo miaka kumi. Katika watu kumi wa namna hiyo, kama wanane watazeeka nayo bila kusumbuliwa. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 1982, walifuatilia watu 123 wa Chuo Kikuu cha Michigan waliokutwa na mawe yasiyouma, na hata ilipofika miaka 20 waliokuwa wameshapata maumivu walihesabiwa kama 18 katika kila 100. Kwa hiyo huyo kaka akija kwangu kesho na ultrasaundi yake simpasui, namwambia arudi nyumbani, aje siku akiumwa.

Wapo wachache ambao hata kama hawaumwi tunawafikiria tofauti, mwenye jiwe la kupita sentimita tatu, mwenye ukuta wa mfuko uliokakamaa kwa chokaa, mwenye kinyama ndani ya mfuko cha kupita sentimita moja, kwa sababu hao hatari ya saratani kwao inapanda. Na wenye selimundu, hao nawataja makusudi kwa sababu kwetu ni wengi, damu yao inavunjika kila siku na yale mabaki ya damu yanatengeneza mawe meusi, hata mtoto wa miaka kumi na mbili unamkuta nayo, na akishikwa na tumbo unashindwa kujua ni nyongo au ni yale maumivu yake ya siku zote. Hao waongee na daktari wao mapema.

Sa wewe haupo kwenye kundi la yule kaka. Ulitoka humo siku ulipoumwa mara ya kwanza. Mawe yakishaanza kuuma yana tabia ya kurudia, na kila mwaka kama mtu mmoja mpaka watatu katika mia ya wanaoumwa anapata tatizo kubwa zaidi ya maumivu: mfuko unavimba na kuoza, au jiwe linaanguka kwenye mrija mkuu unaopeleka nyongo kwenye utumbo, au kongosho linawaka. Ukisikia hiyo hesabu unaweza kuona ndogo, na kweli sio kubwa, ila hawa ndo tunaopokea usiku wakiwa hoi.

Ukichinja kuku, ukifunua ini unakiona kile kifuko cha kijani ambacho unakitoa polepole kisije kikapasuka ukaharibu nyama. Sisi tunacho vilevile, kimekaa hapo hapo chini ya ini, kikubwa kidogo kuliko kidole gumba. Watu wanafikiri nyongo inatengenezwa humo. Hapana, nyongo inatengenezwa na ini, karibu nusu lita mpaka lita nzima kwa siku, na huo mfuko ni ghala tu, unabeba kama vijiko vya chakula viwili au vitatu, unaikausha maji iwe nzito na kuisubirisha. Ukila mafuta utumbo unatoa taarifa, mfuko unajikamua, nyongo inashuka kwenda kuyeyusha yale mafuta. Sasa nyongo ikizidi kolesteroli, au mfuko ukiwa mvivu haujikamui vizuri, ile nyongo inaganda chembechembe kama sukari guru, chembe zinakuwa changarawe, changarawe mawe. Kinamama mnapata zaidi yetu kwa sababu ya homoni na mimba, na mtu aliyepungua uzito kwa kasi naye yumo.

Maumivu yako yanakuja hivi: mfuko unajikamua, jiwe linakwenda kuziba mlangoni. Mfuko unaendelea kusukuma mlango umefungwa. Unaumwa juu kulia au hapa kwenye chembe cha moyo, yanazunguka mgongoni, kwenye bega la kulia, hukai wala hulali, unatapika. Halafu jiwe linarudi nyuma, mlango unafunguka, na maumivu yanaisha yote kabisa kama hayakuwepo, kesho yake uko kwenye karai. Mwezi wa Ramadhani huwa tunawaona wengi hawa, mchana kutwa mfuko umetulia umejaa, magharibi mtu anafuturu sambusa, bajia na maharage ya nazi, ikifika saa nne usiku analetwa amejikunja kama herufi C.

Ndo maana nilifurahi ulipoandika saa. Maumivu ya mlango kuzibwa kwa kawaida yanakaa nusu saa mpaka masaa kama matano. Yakipita masaa sita tunaanza kuwa na wasiwasi kwamba sasa sio kuzibwa tu, ukuta wenyewe umeanza kuvimba. Wewe mara ya mwisho umetoka saa tano usiku mpaka alfajiri. Hiyo ni mpakani mdogo wangu. Na ukiniambia ya kwanza ilikuwa fupi na ya pili ikawa ndefu zaidi, basi inaniambia jambo ambalo picha haiwezi kuniambia.

Hapo hapo nigusie vidonda vya tumbo, kwa sababu hii hadithi yako ya kutibiwa vidonda miaka miwili naisikia karibu kila wiki. Mtu akisema chembe ya moyo inauma anapewa omeprazo, akirudi anapewa zile za wiki mbili za bakteria, akirudi tena anaongezewa, hakuna aliyemuuliza yanakuja saa ngapi na yanakaa muda gani. Maumivu ya vidonda yanakuwa kama moto, yanakuja karibu kila siku, ukila yanabadilika, ukinywa dawa yanapungua. Ya nyongo yanakuja siku moja kama radi, halafu wiki tatu kimya. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili! Kwa hiyo naomba ujichunguze kwa ukweli kabla ya oparesheni: je, mbali na zile siku tatu, una kiungulia, gesi, kujaa, tumbo kuwaka kila siku? Kama unayo, jua kwamba kutoa mfuko hakutaondoa hayo. Nimeona watu wamefanyiwa oparesheni nzuri kabisa halafu wakarudi na malalamiko yaleyale kwa sababu walichokuwa wanaumwa hakikuwa nyongo, mawe yalikuwepo tu pembeni. Zile radi tatu ndo tunakuja kuziondoa, na kwa hizo, oparesheni inafanya kazi vizuri sana.

Sasa mama mkwe. Huyu usimkosee adabu, anakutakia heri, ila mafuta na ndimu usinywe. Nikusimulie. Kuna mama wa Muheza alinijia Jumatatu moja na chupa ya jamu mkononi, ndani kuna vigololi vya kijani kama thelathini, laini, vinang'aa, vingine kama punje ya kunde na vingine kama zabibu. Alikunywa kikombe cha mafuta ya zeituni na maji ya ndimu nyingi Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri akaharisha, akaviokota hivyo. Alikuja kunionyesha kwamba amepona na oparesheni haihitajiki tena, na alikuwa na furaha ya kweli, mi nikamuomba kimoja tu. Nikakiweka juu ya karatasi pale dirishani, jua la Tanga la saa saba mchana unalijua, tukawa tunaongea mambo mengine. Haikupita muda kile kigololi kikawa doa la mafuta ya kijani. Tukaenda chumba cha ultrasaundi pamoja, mawe yake yote yapo, yametulia palepale. Alinyamaza muda mrefu.

Zile ni sabuni. Mafuta yakichanganyika na vitu vya tumboni yanaganda vidonge, kama bibi zetu walivyopika sabuni. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand walichukua vigololi vya mgonjwa wao aliyefanya hivyohivyo wakavipeleka maabara, wakakuta robo tatu yake ni asidi za mafuta, kolesteroli hamna. Jiwe la nyongo lenyewe haliyeyuki juani. Nikitoa mfuko na kuufungua huwa nawaonyesha ndugu: mawe yakiwa mengi yanakuwa na pande bapa kama vipande vya tofali, kwa sababu yamesuguana humo ndani miaka, rangi ya kahawia au njano iliyopauka, ukiyatikisa kwenye kichupa yanalia. Lako la milimita 14 halipiti kwenye mrija ambao upana wake ni kama milimita sita. Na hapo ndo hatari ya hiyo dawa ilipo, kikombe cha mafuta ni kuuambia mfuko ujikamue kwa nguvu zake zote huku mawe yamo, yale madogo yakisukumwa yanaweza kuingia kwenye mrija mkuu, na ukitoka hapo ni manjano au kongosho.

Na wale watakaokwambia kunywa maji mengi utayakojoa, wanachanganya na mawe ya figo. Nyongo na mkojo ni njia mbili zisizokutana. Vilevile kuyapasua kwa mashine kama ya figo, kwa mawe ya nyongo ilijaribiwa sana zamani ikaachwa kwa watu wengi kwa sababu vipande navyo vinahitaji pa kutokea. Vipo vidonge vya kuyeyusha, dawa inaitwa asidi ya ursodeoksikoliki, hiyo ni dawa ya kweli, ila inasaidia mawe madogo ya kolesteroli yaliyo chini ya sentimita moja, inanywewa miezi sita mpaka miaka miwili kila siku, na ukiacha, karibu nusu ya watu mawe yanarudi ndani ya miaka mitano. Lako limeshapita kipimo. Kupunguza mafuta kwenye chakula kutapunguza kushikwa, fanya hivyo hata leo, lakini mawe yaliyopo hayapungui kwa kula mboga.

"Kuishi bila nyongo" ondoa moyoni kabisa, maana nyongo utakuwa nayo ileile. Tunatoa ghala, kiwanda tunakiacha. Ini litaendelea kutengeneza na itatiririka yenyewe moja kwa moja kwenye utumbo, kidogo kidogo mchana kutwa. Baadhi ya watu wanaharisha kidogo wiki za mwanzo hasa wakila mafuta mengi, wengi wao inaisha, wachache inaendelea na ipo dawa yake. Utakula samaki, utakula wali wa nazi, utazaa kama bado unataka kuzaa.

Oparesheni zipo mbili. Ya matundu: tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, matundu manne hivi, moja kitovuni linapita kamera, mengine vyuma vyembamba, mshipa na mrija wa mfuko vinabanwa kwa klipu, mfuko unatolewa kupitia kitovuni. Ilianzia Ujerumani, daktari Erich Mühe aliifanya ya kwanza Septemba 1985 na wenzake wakamshangaa, leo ndo ya kawaida duniani. Unalala hospitali usiku mmoja hivi, unaweza kuumwa bega siku mbili tatu kwa sababu ya ile gesi, usiogope, tembea tembea itaisha, na baada ya wiki moja au mbili uko kwenye shughuli nyepesi. Ya pili ni ya kupasua chini ya mbavu za kulia, hii ni ya zamani zaidi, ya kwanza ilifanyika Berlin mwaka 1882, kidonda kirefu, hospitali siku tatu mpaka tano, na kubeba sufuria au ndoo usahau kwa wiki sita. Hii ya pili sio oparesheni mbaya. Daktari aliyeizoea kupasua anakufaa kuliko aliyejifunza matundu juzi, na hata kwenye matundu mkikuta mambo yamegandana daktari mwenye busara anaacha na kupasua, akikwambia hivyo ulipoamka usione umefeliwa, amekulinda.

Hatari zake nakwambia zote. Kubwa tunayoiogopa sisi ni kukata au kuumiza mrija mkuu wa nyongo, kwa matundu inatokea kwa watu kama watatu mpaka watano katika elfu, ni wachache lakini aliyepata anaweza kuhitaji oparesheni nyingine kubwa hospitali ya rufaa na kuteseka miezi. Kuna kutoka damu, kidonda kuingia wadudu, nyongo kuvuja, jiwe kusahaulika kwenye mrija. Nusu kaputi yenyewe kwa mtu wa umri wako asiye na presha wala sukari wala ugonjwa wa moyo ni salama sana, takwimu za hospitali za nje zinaonyesha vifo katika oparesheni hii ikifanywa kwa kupangwa ni chini ya mtu mmoja katika elfu kwa watu wenye afya kama yako. Ongea na mtu wa usingizi siku moja kabla, mwambie unaogopa, atakueleza hatua kwa hatua. Ugonjwa wowote, dawa yoyote, hata mitishamba, mwambie yeye usimfiche.

Sasa kuna jambo lingine na nisipokwambia nitakuwa nimekuvutia upande wangu. Mwaka 2023 Uingereza walitoa utafiti mkubwa, watu 434 wenye mawe yanayouma kama yako, yasiyo na matatizo mengine, nusu wakapangiwa oparesheni na nusu wakapangiwa kusubiri na dawa za maumivu. Baada ya miezi 18, kwa jinsi wenyewe walivyojipima maumivu, makundi mawili hayakutofautiana, na katika waliosubiri ni robo tu waliokuwa wamefanyiwa oparesheni. Nikiusoma nilijiuliza maswali mengi kuhusu wagonjwa wangu. Unamaanisha kwamba kusubiri sio ujinga. Mtu aliyeshikwa mara moja au mbili, masaa mawili yakaisha, anakula kwa uangalifu, anaishi karibu na hospitali yenye daktari wa upasuaji, akiniambia daktari acha kwanza nione, namwambia sawa, na simtishi. Tena katika wale waliopangiwa oparesheni theluthi moja hivi walikuwa hawajafanyiwa mpaka muda huo, kwa hiyo hata ule ulinganisho sio msafi moja kwa moja.

Ila mwenzio wa Uingereza akisubiri, anasubiri akiwa na namba ya gari la wagonjwa. Wewe utasubiria Pangani. Nakuona saa nane usiku, mume yuko baharini, umelala na watoto, tumbo limekushika na safari hii haliachii, homa imepanda, unatafuta nani ana gari la kukuleta Tanga mjini kilomita kama 50. Ukifika, mfuko umeshavimba na kugandana na kila kilicho jirani, oparesheni ileile ambayo ingekuwa ya saa moja inakuwa ya masaa matatu na hatari ya ule mrija inaongezeka, au tunakulaza kwanza na dawa za mshipa na kukuambia urudi baadaye. Hiyo safari ndo imenifanya niseme kabla ya Pangani. Kama ungeniambia unabaki Makorora, dakika chache kutoka hospitali ya Bombo, na umeshikwa mara moja tu, pengine jibu langu lingekuwa tofauti.

Kabla hujalala kitandani kuna vitu vitatu nataka vifanyike. Cha kwanza vipimo vya ini kwa damu, yaani bilirubini (ile rangi ya njano ya nyongo) na enzaimu, pamoja na upana wa mrija mkuu kwenye ultrasaundi. Hukuniandikia upana, angalia kwenye karatasi yako au muulize mpimaji, kama umetanuka kupita milimita sita hivi au damu inaonyesha nyongo imeziba basi huenda kuna jiwe limeshaingia kwenye mrija, na hilo linatolewa kwa njia nyingine, kamera inapita mdomoni, madaktari wanaita ERCP, ipo hospitali chache kubwa kwa hiyo utapewa rufaa, na inapendeza ijulikane kabla ya oparesheni. Cha pili wingi wa damu, kundi la damu, sukari, presha, na kipimo cha mimba, usicheke, tunapima kila mwanamke. Cha tatu pesa. Uliza bei yote kwa pamoja, oparesheni, usingizi, kitanda, dawa, vifaa, na kama una kadi ya bima uliza kabla kama inalipia ya matundu au ya kupasua tu, maana nimeshuhudia familia ikipewa bili ya vifaa mtu yuko tayari mlangoni kwa chumba cha oparesheni, sio haki kabisa.

Na daktari wako muulize usoni, kwa adabu tu: umeshafanya nyingi hizi? Ikishindikana matundu nitapasuliwa hapa hapa? Mfuko utapelekwa maabara kuangaliwa? Daktari mzuri hachukii, mi naulizwa na najibu. Fomu ya ridhaa isome au usomewe kwa Kiswahili ndo usaini, na usaini wewe, mume apewe habari tu kwa simu.

Mpaka siku hiyo ifike, kaanga bajia zako lakini ule chakula cha kuchemsha, kidogo kidogo mara nyingi. Usijinyime kula kutwa ukapungua uzito haraka, nayo inazalisha mawe. Ukishikwa, paracetamoli unaweza, diklofenaki inasaidia sana maumivu haya ila kwa historia yako ya vidonda usijinunulie duka la dawa, uchomwe hospitali na mtu anayejua. Na ukiona maumivu yamepita masaa matano, au homa na kutetemeka, au macho yamekuwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, kinyesi kimepauka kama udongo wa mfinyanzi, usiku huo huo uende, usisubiri kukuche, usisubiri mume arudi. Homa pamoja na manjano pamoja na maumivu ni dharura ambayo masaa yanahesabika. Na baada ya oparesheni dalili ni hizohizo, ukiona manjano au tumbo linajaa na kuuma kuliko jana, rudi, usione aibu kwamba ndo umetoka juzi.

Anza vipimo Jumatatu. Usile chochote tangu usiku, masaa sita mpaka nane, kwa sababu ultrasaundi ya nyongo inaonekana vizuri mfuko ukiwa umejaa, ukinywa chai ya maziwa asubuhi umeharibu kipimo. Beba ile karatasi ya zamani, beba na maboksi ya dawa za vidonda ulizomeza. Mume mpigie simu leo, mwambie unachelewa kama mwezi mmoja na nusu na umweleze kwa nini, na karai mtafutie mtu wa kulishika wiki mbili za mwanzo, kama itabidi upasuliwe basi wiki sita. Vipimo vya ini vikitoka niandikie namba zake na upana wa ule mrija.